Daku hupikwa jioni: namna ya kuandaa chakula cha alfajiri kinachoshika mpaka magharibi

Anayeanza kufikiria daku saa kumi alfajiri amechelewa kwa saa nane. Kilichobaki mbele yake ni mkate mweupe, chai yenye sukari nyingi, na njaa itakayomkuta saa nne asubuhi akiwa bado yuko kazini. Tazama vyakula vya daku vilivyodumu mahali pengi: ful ya Misri, mbaazi za nazi za pwani yetu, khichri ya Hyderabad, sellou ya Morocco. Vyote vimelowekwa, vimekaangwa au vimechemka polepole kabla watu hawajalala. Alfajiri ni kumalizia tu.

Hesabu saa kwa kurudi nyuma

Mwisho wa daku ni kuingia kwa alfajiri ya kweli, yaani mwanga unaotanda kwa upana kwenye upeo wa mashariki. Kabla yake hutokea mwanga mwembamba uliosimama wima kisha ukafifia. Hiyo ni alfajiri ya uongo, na haimzuii mtu kula. Katika kalenda za Ramadhani utaona pia neno imsaki, ambalo Indonesia na kwingineko huwekwa dakika 10 kabla ya adhana. Imsaki ni tahadhari, wala si mpaka wenyewe. Sunna ni kuchelewesha daku: sahaba Zayd bin Thabit alipoulizwa kulikuwa na muda gani kati ya daku la Mtume na sala, alijibu kiasi cha kusoma aya hamsini.

Chukua mfano wa adhana ya saa 11:10. Acha kula saa 11:00, upate kusukutua na kunywa maji ya mwisho bila papara. Kaa kwenye sinia saa 10:30, kwa maana chakula cha kunde kinataka kutafunwa, na anayekula kwa dakika tano hushiba hewa. Jiko liwashwe saa 10:10. Ikiwa daku lako linahitaji zaidi ya dakika 20 jikoni alfajiri, kuna kazi ya jioni uliyoiacha.

Karibu na ikweta saumu huwa takriban saa 13 na dakika 20, Ramadhani iwe Januari au Julai. London mwezi Juni hupita saa 18, na usiku unaobaki hautoshi milo miwili kamili. Huko afadhali futari iwe nyepesi, uzito wote uwekwe kwenye daku.

Kuamka nako kuna mila zake. Misri na Sham (Syria na jirani zake) kuna msaharati anayepita mitaani na kingoma kidogo akiita watu kwa majina. Uturuki kuna mpiga davul, yaani ngoma kubwa, anayekusanya bahashishi mwezi unapokwisha. Morocco kuna nafari na tarumbeta lake refu. Kwetu pwani vijana huzunguka na ngoma na madebe. Simu imechukua kazi hiyo katika nyumba nyingi, lakini simu ina kitufe cha kuizima, na ngoma haina.

Nini kinashika, na kwa nini

Wanga uliokobolewa (mkate mweupe, wali mtupu, maandazi) humeng'enywa haraka, sukari ya damu hupanda kisha ikashuka, na njaa hurudi mapema. Kunde na nafaka zisizokobolewa zina nyuzinyuzi na protini zinazochelewesha chakula kutoka tumboni. Kwa mtu mzima, kipimo kizuri ni kikombe kimoja mpaka kimoja na nusu cha kunde zilizopikwa, kikombe cha wali au kipande cha mkate wa ngano nzima, kitu kimoja cha protini (mayai mawili, kipande cha samaki au bilauri ya mtindi), na tunda. Tende tatu zinatosha. Ukizidisha chakula hushibi zaidi ya hapo, utapata kiungulia.

Mbaazi za nazi

Hii tunaianza kwa sababu ndiyo inayoharibika mara nyingi, na kosa ni lile lile: kuipika yote usiku, tui zito ndani yake, kisha kuilaza. Alfajiri imechacha.

Kwa watu watano au sita chukua vikombe viwili vya mbaazi kavu (kama gramu 400) na nazi mbili. Chagua mawe, osha, loweka tangu asubuhi. Jioni mwaga maji yale, tia maji mapya yazidi mbaazi kwa vidole vinne, chemsha dakika 45 mpaka 60 hadi zibonyeke kwa vidole bila kubaki na kiini kigumu. Zikune nazi: kamua mara ya kwanza kwa nusu kikombe cha maji ya vuguvugu upate kikombe kimoja cha tui zito, kisha kamua machicha mara mbili zaidi upate vikombe vitatu vya tui jepesi. Weka tui zito kwenye friji likiwa peke yake, ndani ya chupa iliyofunikwa.

Mwaga maji ya mbaazi yaliyobaki, tia tui jepesi, kitunguu kimoja kilichokatwa, nusu kijiko cha chai cha manjano, na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa. Chemsha kwa moto mdogo dakika 20, tia chumvi, epua, poza upesi, weka kwenye friji. Saa kumi na dakika kumi alfajiri rudisha jikoni mpaka zichemke vizuri, punguza moto, mimina tui zito na ukoroge bila kuacha, mwelekeo mmoja, bila kifuniko. Baada ya dakika 8 mpaka 10 mchuzi unashika mwiko. Tui lililoganda kwenye friji halijaharibika. Ni mafuta yake tu yaliyojitenga, nayo yatayeyuka.

Tui likikatika, moto ulikuwa mkali au mkono ulisimama. Halina madhara. Chota upawa wa mbaazi, uziponde ziwe rojo, zirudishe na ukoroge kwa nguvu, rojo itayashika mafuta tena. Mbaazi zikikataa kuiva, huenda ni za zamani, maji yako ni magumu, au umetia kitu kichachu mapema. Ndimu, ukwaju na nyanya hukaza kunde. Chumvi nayo hulaumiwa, ila lawama yake imetiwa chumvi. Robo kijiko cha chai cha magadi hulainisha, lakini huua ladha na kupunguza vitamini B1, kwa hiyo iwe njia ya mwisho.

Ukitumia maharage mekundu badala ya mbaazi, yachemshe kwa mchemko mkali angalau dakika 10, na bora 30, kabla ya kupunguza moto. Yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko peke yake. Joto la polepole lisilofika mchemko haliiondoi, na matokeo yake ni kutapika alfajiri nzima.

Ful ya Misri

Ful ni maharage mapana yaliyokauka. Kwa kuchemshwa yakiwa mazima tafuta yale madogo ya mviringo. Makubwa yana ganda nene na yanafaa zaidi kumenywa na kupondwa. Loweka gramu 500 kwa saa 12 na ubadilishe maji mara moja. Injika na lita mbili za maji na vijiko vitatu vya dengu nyekundu, ambazo huyeyuka na kuupa mchuzi uzito. Chemsha kwa nguvu dakika 10, kisha moto mdogo kabisa kwa saa sita mpaka nane. Chungu cha Wamisri kina shingo nyembamba kwa sababu: mvuke hautoki ovyo, maharage hayakauki juu. Mwenye sufuria pana aifunike vizuri na aongeze maji ya moto, kamwe si ya baridi. Kwa sufuria ya presha inatosha dakika 45 mpaka 60.

Usilaze jiko la mkaa ndani ya nyumba ili ful iive usiku. Moshi usioonekana wa mkaa huua watu wakiwa usingizini. Njia ya salama ni kapu: chemsha maharage mpaka yawe karibu kuiva, funika sufuria ikiwa inachemka, ifunge kwa mablanketi mawili ndani ya kapu au sanduku, na alfajiri irudishe jikoni ichemke upya kabla ya kula.

Mezani ponda nusu ya maharage na uache nusu mazima. Tia vitunguu saumu viwili vilivyotwangwa, kijiko cha chai cha bizari nyembamba, maji ya ndimu moja, chumvi, na vijiko vitatu vya mafuta ya zeituni. Wamisri huila kwa mkate wao wa baladi wenye pumba, na mara nyingi mtindi huwa pembeni. Ndimu isiingie kabla maharage hayajaiva, kwa sababu ileile ya mbaazi.

Tahadhari moja haina mjadala. Watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD wasile ful kabisa, maana huvunja chembe zao nyekundu za damu. Upungufu huo unarithiwa, na ni wa kawaida hasa katika nchi zilizoishi na malaria, zikiwemo zetu. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai na macho ya manjano baada ya kula, ni hospitali mara moja.

Khichri, ndugu wa mseto

Mpishi wa mseto hahitaji kufundishwa khichri. Sisi tunachanganya mchele na choroko, Hyderabad wanachanganya mchele na dengu nyekundu, na kwao ni chakula kikubwa cha daku kikiandamana na nyama ya kusaga na mchuzi mchachu uitwao khatta. Uzuri wake ni kwamba viwili kati ya vitatu hukamilika jioni.

Jioni kaanga nusu kilo ya nyama ya kusaga na vitunguu, tangawizi na thomu mpaka ikauke maji, poza, weka kwenye friji. Roweka ukwaju wa ukubwa wa ndimu katika vikombe viwili vya maji, uchuje. Kaanga vijiko vitatu vya ufuta bila mafuta, usage, uchanganye na maji ya ukwaju, kitunguu kilichokatwa laini, kotimiri, pilipili mbichi na chumvi kidogo. Khatta haipikwi. Alfajiri osha vikombe viwili vya mchele na kimoja cha dengu, tia manjano, chumvi na vikombe vitano na nusu vya maji, na baada ya dakika 20 mpaka 25 umemaliza. Hapa ndipo jiko liwashwe dakika tano mapema. Ukitumia choroko badala ya dengu nyekundu, zichemshe nusu jioni. Choroko na mchele haviivi pamoja, na utakula mchele uliorojeka wenye choroko zilizovia.

Pakistan na kaskazini ya India wengi hula daku la paratha (chapati za tabaka) na mtindi. Unga uliokandwa jioni na kulazwa kwenye friji ukiwa umepakwa mafuta husukumika bila kujikunja. Samli iwe kijiko kimoja kwa kila paratha. Zile zinazoogelea mafutani huleta kiungulia kwa anayerudi kulala.

Sellou: kopo moja kwa mwezi mzima

Kwa anayeishi peke yake, au asiye na friji, hatujui chakula cha daku kinachofaa zaidi ya hiki. Wamorocco hukiita sellou, sfuf au zmita kulingana na mji, hukitengeneza Shaaban, mwezi unaotangulia Ramadhani, na hukila futari na daku.

Tandaza gramu 500 za unga wa ngano kwenye sinia, oka kwa nyuzi 170 kwa dakika 45, ukigeuza kila dakika 10, mpaka uwe na rangi ya mdalasini uliosagwa. Bila oveni, kaanga kwenye sufuria nzito kwa moto mdogo dakika 30 mpaka 40 na usiondoke. Unga uliounguzwa mahali pamoja hutia uchungu kopo zima, na asali haiufichi. Uchekeche. Chagua na ukaange gramu 250 za ufuta mpaka uanze kuruka na upondeke kwa vidole. Kaanga gramu 250 za lozi, nusu uzisage mpaka zitoe mafuta, nusu uzivunjevunje tu. Changanya vyote na kijiko kimoja cha chakula cha mdalasini, viwili vya yansuni iliyosagwa, na chembe ya chumvi. Kisha kanda na gramu 150 za samli iliyoyeyushwa na gramu 150 za asali.

Tumia samli, wala si siagi, kwa kuwa siagi ina maji na maji ndiyo adui. Ndani ya kopo kavu lililofungwa sellou hukaa wiki kadhaa. Kijiko chenye unyevu kikiingia mara moja, kuvu hufuata. Vijiko vitatu au vinne na bilauri ya maziwa ni daku kamili. Karanga zinaweza kushika nafasi ya lozi, ila tupa kila punje iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au chungu. Kukaanga hakuondoi sumukuvu.

Vya maziwa, kwa waliochelewa

Kuna jamii ya vyakula vya daku visivyotaka moto mrefu. Senegal humimina maziwa juu ya cere, kuskusi ya uwele iliyopikwa kwa mvuke tangu jioni. Bangladesh huponda wali, maziwa na ndizi mbivu, au embe msimu wake ukifika. Pakistan huvunja pheni, nyuzi nyembamba za unga zilizokwisha kukaangwa, ndani ya maziwa ya moto. Dakika mbili zinatosha, ya tatu inazigeuza uji. Uturuki, pembeni ya jibini, zeituni na mayai, huweka hoşaf: kikombe cha zabibu au aprikoti kavu kilichochemshwa dakika 20 katika lita moja ya maji jioni, kikapozwa, kikanywewa na matunda yake. Sukari haihitajiki.

Ukishtuka zimebaki dakika 10, acha jiko. Tende tatu, ndizi, bilauri ya mtindi na bilauri mbili za maji. Hata funda la maji huhesabiwa kuwa daku.

Kiporo

Nyumba nyingi daku ni wali wa futari uliopashwa. Hakuna ubaya, kwa sharti moja: saa. Mchele una vijidudu ambavyo mbegu zake haziuawi na kupika. Wali ukikaa kwenye joto la chumba hutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha mpaka utokwe jasho. Kwa hiyo wali hauokolewi alfajiri, huokolewa usiku. Utandaze kwenye sinia pana upoe ndani ya saa moja, funika, weka kwenye friji, na ukiupasha uwe moto kote, mara moja tu. Wali wa nazi na mchuzi wa tui huchacha haraka kuliko vyote. Uonje kwa pua kabla ya ulimi, ingawa wali wenye sumu si lazima unuke.

Bila friji, usilaze kilichopikwa na nazi. Kuna wanaotegemea hotipoti. Inasaidia ikiwa chakula kimeingia kikichemka na hotipoti imejaa, lakini ukiifungua alfajiri na mvuke hautoki, chakula kimelala kwenye joto linaloipendeza sumu. Afadhali ulaze vikavu: mchele uliopimwa, vitunguu, nazi isiyovunjwa.

Maji, chai na chumvi

Lita moja iliyobugiwa dakika tano kabla ya adhana huishia chooni kabla jua halijatoka. Gawa bilauri nane za robo lita: mbili wakati wa kufuturu, nne kati ya tarawehe na kulala, mbili wakati wa daku. Kiu ya mchana mara nyingi hutoka kwenye sahani: papa na ng'onda wa chumvi, achari, mchuzi wenye vidonge vya supu. Ukitaka papa, mloweke saa moja na ubadilishe maji mara mbili, na hata hivyo ni wa futari kuliko daku. Chai moja isiyokolea haina neno. Wanywaji wa kahawa nyingi wapunguze tangu Shaaban, kikombe kimoja kila siku chache. Maumivu ya kichwa ya siku tatu za mwanzo mara nyingi ni kahawa inayodai haki yake.

Mwenye kisukari aone daktari wiki sita mpaka nane kabla ya mwezi, kwa kuwa kipimo cha insulini na saa za vidonge hubadilika, na daku lake lisirukwe kabisa. Kupima damu kidoleni hakufunguzi. Kipimo cha sukari kikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita (yaani miligramu 70 kwa desilita), au kikipanda juu ya 16.7 (miligramu 300), afungue saumu hapo hapo.

Baada ya kula usilale chali mara moja. Sala ya alfajiri na kukaa kidogo hutosha kutuliza kiungulia. Na kabla sinia halijaondolewa, pima kunde za kesho uziloweke. Zilizoingia majini alfajiri zitakuwa tayari kuinjikwa alasiri. Mchana ukiwa wa joto badilisha maji saa sita, la sivyo yatatoa povu na harufu.